Matangazo ya vyakula vya haraka na afya ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wazazi, walimu, wahudumu wa afya na vijana wenyewe. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lenye maelezo hayo.

## Mambo ya msingi

1. Matangazo ya vyakula vya haraka ni yapi hasa?

Wengi hufikiria bango la barabarani na video fupi ya televisheni. Hizo ni sehemu ndogo tu. Nembo kwenye jezi ya timu ni tangazo, na kichezeo ndani ya boksi la chakula vilevile. Ofa ya nusu bei inayokwisha usiku huu, mchezo wa simu ambao mhusika wake anakusanya vipande vya pizza, sherehe ya kuzaliwa inayoandaliwa na mgahawa, hata swali la mhudumu, "Tukuongezee chipsi?", yote ni kazi ya mauzo iliyopangwa mapema.

Kipimo changu ni hiki: kama jambo limefanywa ili ununue, au ili uizoee chapa hata kabla hujafikiria kununua, hilo ni tangazo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

2. Mtu anakula kwa mkono wake mwenyewe. Tangazo linahusikaje na unene wake?

Ni kweli kwamba hakuna tangazo lililowahi kumlisha mtu kwa nguvu. Ni kweli pia kwamba unene una visababishi vingi: kurithi, kipato, usingizi, kazi za kukaa, dawa fulani, na aina ya chakula kinachopatikana karibu. Anayedai matangazo ndiyo chanzo pekee anakosea.

Lakini tazama takwimu za Shirika la Afya Duniani. Kuanzia 1990 hadi 2022, kiwango cha unene uliopitiliza kwa watu wazima duniani kiliongezeka zaidi ya mara mbili, na kwa vijana waliobalehe kiliongezeka mara nne. Mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliopitiliza. Haiingii akilini kwamba vijana wa mabara yote walipoteza nidhamu kwa pamoja ndani ya kizazi kimoja. Kilichobadilika ni mazingira wanayokulia: chakula kinachopatikana, bei yake, na wingi wa sauti zinazowaita wakile.

Mtu mmoja anaweza kulishinda tangazo moja. Afya ya jamii inaangalia kitu kingine, yaani kusukumwa kidogo kila siku, kwa mamilioni ya watu, miaka nenda miaka rudi. Kalori chache zilizozidi kila siku hazionekani kwenye sahani. Zinaonekana kliniki.

3. Chakula chenyewe kina shida gani?

Kwa kawaida kina chumvi, sukari na mafuta mengi, nyuzinyuzi kidogo, na kalori nyingi katika ujazo mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai. Kwa sukari iliyoongezwa, ushauri ni chini ya asilimia 10 ya kalori zote, yaani kama gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hapo. Soda ya kola ya kawaida ya mililita 500 peke yake inavuka gramu 50.

Kuna pia suala la kula kupita kiasi bila kujua. Mwaka 2019, watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani wakiongozwa na Kevin Hall waliwaweka watu 20 katika kituo chao. Kila mmoja alipewa vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine, akiwa huru kula atakavyo. Milo ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Hata hivyo, katika wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Jaribio hilo halikuhusu tangazo lolote. Sasa ongeza tangazo juu ya chakula cha namna hiyo.

4. Kuna ushahidi kwamba matangazo yanaongeza ulaji, au ni hisia tu?

Upo, na umetokana na majaribio, si kuuliza watu maoni yao tu. Katika utafiti wa Jennifer Harris na wenzake uliochapishwa 2009, watoto wa shule ya msingi walitazama katuni wakiwa na bakuli la vitafunio mbele yao. Waliowekewa katuni yenye matangazo ya chakula walikula asilimia 45 zaidi ya wale ambao matangazo yao yalihusu vitu vingine. Vitafunio vilivyokuwa bakulini havikuwa vile vilivyotangazwa. Tangazo liliamsha hamu ya kula kwa jumla, na likawaamsha walioshiba na wenye njaa sawasawa.

Utafiti mwingine, uliofanyika Australia na kuchapishwa 2018, ulijibu swali ambalo watu huuliza mara moja: je, mtoto aliyekula zaidi kwenye kitafunio hatapunguza chakula cha mchana? Hakupunguza. Kalori zilizoongezeka, takriban 46 kwa siku, zilibaki zimeongezeka.

## Watoto na vijana

5. Kwa nini watoto ndio wanaozungumziwa zaidi?

Kwa sababu hawana kinga. Mwaka 2004 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo na kuhitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawaelewi kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wadogo zaidi hata hawatofautishi tangazo na kipindi. Kwao, mhusika wa katuni anayewapungia mkono ni rafiki.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la Thomas Robinson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la 2007. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walipewa vyakula viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kikiwa kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald's na kingine kwenye karatasi tupu, kisha wakaulizwa kipi kitamu zaidi. Wengi walichagua chenye nembo. Walisema hivyo hata kwa karoti, ambazo mgahawa huo haukuwa ukiuza. Fikiria mtoto wa miaka mitatu, hajui kusoma, anatafuna karoti mbili za fungu moja na kukuambia kwa dhati kwamba hii ina ladha nzuri kuliko ile. Hadanganyi. Ndivyo ulimi wake unavyomwambia.

6. Kichezeo kwenye boksi la chakula kina ubaya gani? Ni furaha tu ya mtoto.

Furaha ni ya kweli, na hakuna anayetaka kumnyima mtoto. Tatizo ni kwamba kichezeo kinahamisha uamuzi kutoka kwenye chakula. Mtoto hachagui tena kati ya mlo huu na ule. Anachagua kati ya kuwa na kidoli cha nne cha seti na kukikosa. Seti hutolewa kidogokidogo kwa wiki kadhaa ili arudi.

McDonald's walianza kuuza Happy Meal, boksi la mlo wa mtoto lenye kichezeo, nchini kote Marekani mwaka 1979, na mfano huo umeigwa na wengi. Mwaka 2010 jiji la San Francisco lilipitisha kanuni: hakuna kutoa kichezeo bure na mlo wa mtoto usiotimiza viwango vya lishe. Kanuni ilipoanza kutumika Desemba 2011, McDonald's waliacha kukitoa bure na badala yake wakakiuza kwa senti 10 kwa anayenunua mlo uleule. Sheria ikafuatwa neno kwa neno, na mtoto akaondoka na boksi lilelile.

7. Vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaelewa tangazo ni nini. Nao wanahitaji kulindwa?

Ndiyo. Kujua kwamba unashawishiwa hakukuzuii kushawishika. Ingekuwa hivyo, matangazo kwa watu wazima yasingekuwa na faida na yangekwisha zamani. Tena kijana ana pesa mkononi, anatembea bila mzazi, na yuko katika umri ambao kukubalika na wenzake kuna uzito kuliko ushauri wa daktari. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana matangazo yanayomlenga huonyesha kundi la marafiki wakicheka na chakula kikiwa pembeni tu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka ulinzi uwahusu watoto wa umri wote hadi miaka 18. Baadhi ya sheria zilizopo bado zinaishia kabla ya umri huo.

8. Mwanangu ananing'ang'ania kila tukipita karibu na mgahawa. Nimeshindwa malezi?

Hapana. Kung'ang'ania huko kumekusudiwa. Tangazo linaloelekezwa kwa mtoto asiye na pesa linamtumia yeye kukufikia wewe mwenye pesa, na uchovu wako wa jioni umo kwenye hesabu. Mzazi anayejilaumu anabeba lawama ya mtu mwingine.

Yapo yanayosaidia. Zima televisheni na simu wakati wa kula. Tumia vipindi visivyo na matangazo kwa watoto wadogo kadiri inavyowezekana. Amueni nyumbani, kabla ya kutoka, kama leo mtakula nje au la, kwa sababu kuamua mlangoni mwa mgahawa ni kuchelewa. Kwa mtoto wa miaka 8 na kuendelea, tazama naye tangazo moja na umuulize: nani amelipia hii, na anataka tufanye nini? Watoto hupenda sana kugundua ujanja. Lakini usitegemee mazungumzo hayo peke yake. Sababu iko kwenye swali la 7.

## Simu na mitandao

9. Matangazo ya mtandaoni yana tofauti gani na ya televisheni?

Tangazo la televisheni wewe na mtoto wako mnaliona pamoja. La simuni analiona peke yake. Limechaguliwa kwa ajili yake kutokana na alichotazama, mahali alipo na saa yenyewe, na likishapita hakuna mtu mwingine katika nyumba anayejua lilisema nini. Mzazi, mtafiti na msimamizi wa sheria wote wanabaki gizani. Hii ndiyo tofauti kubwa zaidi, kubwa kuliko idadi ya matangazo.

Pia mpaka kati ya burudani na biashara umefutika. Changamoto ya kucheza ngoma inayodhaminiwa na chapa hufanywa na watoto wenyewe, wakarekodiana na kusambaza. Hapo mtoto amekuwa mtangazaji asiyelipwa.

10. Programu ya kuagizia chakula nayo ni tangazo?

Ni duka na tangazo kwa pamoja. Tazama inavyofanya kazi. Ni saa kumi na moja jioni, umechoka, bado hujawaza utakula nini. Simu inatetemeka: "Tumekukumbuka! Agizo lako la kawaida, punguzo hadi saa moja." Agizo unalolipenda liko juu kabisa, kadi ya malipo imehifadhiwa, pointi zako zimebaki chache kufikia zawadi. Kutoka kutoshikwa na hamu hadi kulipa ni kugusa mara mbili.

Dawa ya haraka ni kuzima taarifa za programu hiyo kwenye mipangilio ya simu na kufuta kadi iliyohifadhiwa. Kulazimika kuandika namba za kadi upya kunakupa dakika ya kufikiri.

11. Mtu maarufu akipiga picha na baga bila kusema amelipwa, ni tangazo?

Akipewa fedha, chakula cha bure au safari, ni tangazo, na katika nchi nyingi sheria za kumlinda mlaji zinamtaka aseme wazi. Kama hakupewa chochote, ni maoni yake. Mtazamaji hawezi kutofautisha, na ndiyo sababu jukumu la kutamka linabaki kwa aliyelipa na aliyelipwa.

## Ndani ya mgahawa

12. Ofa ya "ongeza kidogo upate kubwa" si nafuu kwa mteja?

Kwa mahesabu ya bei kwa gramu, ni nafuu. Ila hukuja kununua gramu. Kwa muuzaji, gharama ya viazi na soda ya ziada ni ndogo mno ukilinganisha na pesa anayoongeza, kwa hiyo kipimo kikubwa ni faida karibu tupu. Kwako, kilichoongezeka ni kalori, na watu wengi hula kinachowekwa mbele yao hadi kiishe.

Angalia skrini ya kuagizia. Unagusa baga. Kabla hujalipa inatokea picha ya mlo kamili, na kitufe kipana chenye rangi angavu cha kukubali. Cha kukataa kipo chini, kijivu, herufi ndogo: "Hapana, baga tu." Ukikataa, inakuja skrini ya kitindamlo. Mhudumu wa kibinadamu angeona aibu kuuliza mara tatu, skrini haioni. Mwaka 2004 McDonald's waliondoa kipimo chao kikubwa kabisa, Super Size, nchini Marekani baada ya kelele za umma, lakini mbinu ya kumpandisha mteja kipimo haikuondoka nacho.

## Sheria na sera

13. Kuna nchi zilizoweka sheria? Zimefanikiwa?

Zipo, na matokeo yanatofautiana kulingana na mianya.

Quebec, Kanada, ilipiga marufuku karibu matangazo yote ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Watafiti baadaye walilinganisha familia za huko zinazotumia Kifaransa, ambazo televisheni yao ilikuwa chini ya sheria hiyo, na zinazotumia Kiingereza, ambazo zilipata pia vituo vya nje. Familia za Kifaransa zenye watoto zilinunua vyakula vya haraka mara chache kuliko za Kiingereza.

Chile ilikwenda mbali kuliko wengi. Sheria yake ilianza kutumika Juni 2016: alama nyeusi ya pembe nane kwenye bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, na marufuku ya kuzitangaza bidhaa hizo kwa watoto walio chini ya miaka 14. Wanyama wa katuni wakaondoka kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa. Mwaka 2018 matangazo ya bidhaa hizo yalizuiwa kwenye televisheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Baada ya awamu ya kwanza, ununuzi wa vinywaji vyenye sukari ulipungua kwa takriban asilimia 24. Nadhani siri ya Chile ni kwamba alama, matangazo na maduka ya shuleni viliguswa pamoja, kampuni ikakosa mahali pa kuhamia.

Uingereza ilianza 2007 kwa kuzuia matangazo hayo katika vipindi vya watoto, lakini watoto walikuwa wakitazama zaidi vipindi vya familia nzima, kwa hiyo waliendelea kuyaona. Tangu Januari 2026 marufuku inahusu televisheni yote kabla ya saa 3 usiku na matangazo ya kulipia mtandaoni wakati wote. London ilikuwa imetangulia: Februari 2019 mamlaka yake ya usafiri iliyaondoa kwenye treni, mabasi na vituo. Utafiti wa 2022 ulikadiria kuwa kaya zilinunua takriban kalori 1,000 pungufu kwa wiki za vyakula vya namna hiyo kuliko ambavyo zingenunua bila marufuku.

14. Kampuni zimeahidi kujidhibiti zenyewe. Kwa nini haitoshi?

Kwa sababu anayeandika ahadi ndiye anayeamua chakula gani ni kibaya, mtoto ni wa umri gani na kipindi gani ni cha watoto. Nyingi ya ahadi hizi zilitolewa mwaka 2006 na 2007, na miaka iliyofuata ndiyo ile inayoonekana kwenye takwimu za swali la 2. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likizipa serikali nafasi ya kuchagua njia. Kufikia 2023 lilishauri sera za lazima. Hata kampuni yenye nia njema inabanwa: ikiacha peke yake, mshindani anachukua wateja wake. Sheria inawabana wote kwa pamoja.

15. Marufuku si kuingilia uhuru na kuua ajira?

Hoja ya uhuru ilishinda Marekani. Mwaka 1978 tume ya biashara ya nchi hiyo ilipendekeza kuzuia matangazo ya televisheni kwa watoto wadogo, na mwaka 1980 bunge likaifunga mikono. Lakini uhuru unaozungumziwa ni wa nani? Mtu mzima bado ana uhuru wa kununua baga wakati wowote. Sheria za matangazo hazigusi mauzo. Zinagusa haki ya kampuni kumsemesha mtoto bila idhini ya mzazi wake. Kuhusu fedha, mapato ya matangazo ya usafiri wa London hayakuporomoka kama ilivyotabiriwa.

16. Kodi ya sukari si ingetosha?

Inasaidia. Mexico iliweka kodi ya peso 1 kwa lita ya vinywaji vyenye sukari mwaka 2014, na ununuzi wa vinywaji hivyo ukashuka kwa takriban asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili. Lakini kodi inagusa bei tu. Tamaa inayotengenezwa utotoni inabaki, kwa hiyo vyote viwili vinahitajika.

## Maswali yenye utata

17. Kama tangazo linaonyesha saladi au nembo tu, bila baga, linahesabika?

Kwa mujibu wa sheria nyingi, hapana. Sheria mpya ya Uingereza, kwa mfano, inaruhusu tangazo la chapa lisiloonyesha bidhaa inayotambulika. Kiafya naona huu ni mwanya mkubwa. Watoto wa jaribio la swali la 5 walipewa vyakula vilevile, nembo peke yake ilitosha kuwashawishi.

18. Udhamini wa michezo je? Bila fedha hizo timu za watoto zitakufa.

Hofu hiyo ina msingi na isipuuzwe. McDonald's walidhamini Olimpiki hadi 2017, na timu nyingi ndogo hupata mipira na jezi kwa njia hii. Njia ya haki ni serikali kuziba pengo kwa mapato ya kodi kama ile ya swali la 16, na mikataba kuachwa imalizike, badala ya kukatwa ghafla. Kwa sasa, timu inaweza kupokea fedha na kukataa nembo kwenye jezi za watoto na kuponi kama zawadi ya mchezaji bora.

19. Mbona kuna wataalamu wanaosema tatizo ni kutofanya mazoezi, si chakula?

Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, akili na mifupa, na kila mtu anayahitaji. Lakini uliza nani amelipia ujumbe huo. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba kikundi cha wanasayansi cha Marekani kilichosisitiza mazoezi kuliko ulaji kilikuwa kimefadhiliwa na Coca-Cola, na kikavunjwa mwaka huohuo.

20. Nikila mara mojamoja nitaugua?

Hapana. Mlo mmoja haumpi mtu kisukari wala shinikizo la damu. Shida ni mazoea.

21. Naweza kuishtaki kampuni kwa sababu ya unene?

Imejaribiwa. Mwaka 2002 kesi ya vijana wawili dhidi ya McDonald's ilifunguliwa New York, na 2003 jaji akaitupa kwa maelezo kwamba madhara ya kula kupita kiasi yanajulikana. Majimbo mengi ya Marekani yakapitisha sheria za kuzuia kesi kama hizo. Madai kuhusu tangazo la uongo, mathalani kuficha kiambato, yana nafasi nzuri zaidi kuliko madai kuhusu unene wenyewe.

22. Nimeona tangazo linalolenga watoto waziwazi. Nifanye nini?

Piga picha ya skrini au bango papo hapo, kwa sababu la mtandaoni linaweza lisionekane tena. Andika tarehe, saa, mahali au jina la programu, umri wa mtoto aliyeliona, na kilichomvutia: katuni, kichezeo, mchezo au mtu maarufu. Kisha peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia matangazo au haki za walaji katika nchi yako, nakala kwa chombo kilichorusha tangazo hilo. Likiwa karibu na shule, andika pia umbali kutoka getini, na waombe wazazi wengine watume malalamiko yao kila mmoja kwa jina lake.